Kimya si Afya: Nani Anamchunga Mlinzi wa Mtandao wa Pesa?

Ijumaa jioni pale Shimanzi, malori ya mafuta yamepanga foleni. Dereva anataka kulipa, utingo wake ananunua viazi karai, na bawabu wa godauni anatuma pesa nyumbani kabla zamu ya usiku haijaanza. Wote watatu wanabonyeza simu, halafu wanangoja kitu kimoja tu: SMS ya kuthibitisha. Ikija kwa sekunde chache, hakuna anayeuwaza mtandao. Isipokuja, maswali yanaanza. "Pesa imeenda? Nitume tena? Ni simu yangu ama ni mitambo?"

Kila kampuni ya malipo ya simu ina mitambo ya kuangalia mtandao wake, mchana na usiku. Hilo wateja wengi wanalijua. Swali ambalo halijulikani sana ni hili: ile mitambo ya kuangalia nayo ikiugua, nani atajua?

Hilo ndilo somo letu la leo. Ukimaliza kusoma utaweza:

- kueleza kazi ya dashibodi na arifa kwa lugha ya kawaida;
- kujua kwa nini skrini ya kijani wakati mwingine inadanganya;
- kutumia mbinu zile zile za mafundi kulinda pesa zilizo kwenye simu yako.

Maneno matatu ya kuanzia

Dashibodi. Hii ni kama ile ya gari. Dereva haoni injini ikifanya kazi, anaona mshale wa mafuta, wa joto na wa mwendo. Fundi wa mtandao naye haoni pesa zikipita, anaona michoro na namba kwenye skrini.

Arifa. Hakuna binadamu anayeweza kukodolea skrini saa 24. Kwa hivyo mtambo unapewa masharti: "Makosa yakizidi kiwango hiki kwa dakika 5, niamshe." Sharti likitimia, simu ya fundi aliye zamu inalia, hata kama ni saa nane usiku.

Chombo cha uangalizi. Hiki ndicho kinachokusanya vipimo kutoka kwenye seva, minara na nyaya, kinavihifadhi, kinachora dashibodi na kutuma arifa. Katika somo hili tutakiita mlinzi.

Mlinzi anaangalia nini?

Ukilipa kwa namba ya till, ombi lako linatoka kwenye simu, linapita kwenye mnara, linafika kwenye mitambo ya pesa. Hapo PIN inakaguliwa, salio linaangaliwa, pesa inahamishwa kwenye vitabu, kisha SMS mbili zinatoka: moja kwako, moja kwa mwenye duka. Kila hatua inaweza kukwama.

Mwaka 2016 wahandisi wa Google walichapisha kitabu kuhusu kazi ya kutunza mitambo mikubwa, na humo wakapendekeza vipimo vinne ambavyo mafundi wengi duniani wanavitumia hadi leo:

1. Kuchelewa. Ombi moja linachukua muda gani mpaka lijibiwe?
2. Wingi. Maombi mangapi yanaingia kwa dakika?
3. Makosa. Kati ya hayo, mangapi yamefeli?
4. Kujaa. Mitambo imebakisha nafasi kiasi gani kabla ya kuzidiwa?

Tuchukue mfano. Kwa dakika moja yameingia maombi 1,000, na 20 yamefeli. Hiyo ni asilimia 2. Kama sharti la arifa ni asilimia 1 kwa dakika 5 mfululizo, na hali ikabaki hivyo, fundi ataamshwa. Kwa nini dakika 5, si papo hapo? Kwa sababu mtandao huyumba kidogo kisha hukaa sawa wenyewe. King'ora kinacholia kwa kila upepo, watu hukizoea, na siku ya moto wa kweli hakuna anayeinuka.

Sufuri inayodanganya

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Tuseme waya unaompelekea mlinzi vipimo umekatika. Maombi yanaendelea kuingia, na mengine yanafeli, lakini mlinzi hapokei habari yoyote. Ataandika nini pale kwenye "makosa"?

Mara nyingi ataandika 0.

Na 0 ni namba nzuri, si ndiyo? Dashibodi inabaki kijani, king'ora kinabaki kimya. Kumbe ni makosa sufuri kati ya maombi sufuri! Mlinzi hajasema "mambo ni shwari". Amesema "sioni kitu", ila maneno hayo mawili yametoka kwa sauti moja.

Ukiwa mtu wa Shimanzi, angalia matangi makubwa ya mafuta yaliyo jirani yako. Tangi likiwa na geji iliyokwama kwenye "nusu", litasoma nusu leo, kesho na mtondo, hata mafuta yakiisha. Geji iliyovunjika kabisa ina nafuu, maana utaiona imevunjika. Iliyokwama ndiyo hatari, kwa sababu inaendelea kukupa jibu. Ndio maana mtu wa mafuta mwangalifu hategemei geji peke yake. Anashusha fimbo ama utepe wa kupimia ndani ya tangi, halafu analinganisha.

Shika kanuni hii: kimya si afya. Kukosa habari mbaya na kupata habari njema ni vitu viwili tofauti.

Yaliyowapata wakubwa

Usidhani haya ni mambo ya kampuni ndogo. Hapa kuna matukio matatu ya wazi kabisa.

Amazon, 28 Februari 2017. Mfanyakazi wa kitengo cha seva za kukodisha cha Amazon alikuwa akitengeneza hitilafu ndogo huko Virginia, Marekani. Sehemu moja ya amri ikaandikwa vibaya, na seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa zikaondolewa. Huduma ya kuhifadhi data iitwayo S3 ikalala kwa takriban saa nne, na tovuti nyingi zikaanguka nayo. Jambo linalotuhusu ni hili: ukurasa wa kuwaonyesha wateja hali ya huduma nao ulitegemea S3. Kwa karibu saa mbili za mwanzo Amazon haikuweza kubadilisha alama kwenye ukurasa huo, ikabidi itumie Twitter kuwaambia watu kuna tatizo. Mlinzi alikuwa amelala ndani ya nyumba ile ile iliyoshika moto.

Facebook, 4 Oktoba 2021. Siku hii wengi tunaikumbuka, manake WhatsApp pia ilizima kwa karibu saa sita. Amri ya matengenezo ilikata mtandao wa ndani unaounganisha vituo vyao vya data. Programu iliyowekwa kukagua amri za aina hiyo ilikuwa na kasoro, haikuizuia. Na zana ambazo mafundi wangetumia kuchunguza tatizo zilitegemea mtandao huo huo uliokatika. Ilibidi watu waende kwenye vituo kwa miguu yao.

Rogers, Kanada, 8 Julai 2022. Hili ndilo linalotugusa zaidi sisi watu wa malipo. Kampuni ya simu ya Rogers ilikuwa ikiboresha mtandao wake, mabadiliko fulani yakafanya mitambo ya katikati ifurikwe na taarifa mpaka ikaanguka. Wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma. Mtandao wa Interac, ambao Wakanada hulipia madukani kwa kadi na kutumiana pesa, ulipitia kwa Rogers, kwa hivyo malipo yakakwama nchi nzima. Na mafundi? Njia yao ya kuingia kwenye mitambo ili waone kilichoharibika ilipita kwenye mtandao ule ule ulioanguka. Hata simu za wafanyakazi zilikuwa za laini ya Rogers. Baadaye Interac ilisema itaongeza njia ya pili kwa kampuni nyingine.

Ukiyatazama matatu haya, utaona ugonjwa ni mmoja: mlinzi na anayelindwa wanakula chungu kimoja. Chungu kikivunjika, wote wanalala njaa.

Na hapa pwani kwetu?

Mombasa ni mlango wa intaneti wa Afrika Mashariki. Waya wa SEACOM na ule wa TEAMS, unaotoka Fujairah, ilianza kazi mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga mahali pasipofaa, nanga ikaukata waya wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikasuasua nchi kadhaa za huku kwetu.

Siku kama hizo wateja husema "mtandao umekufa, pesa pia imekufa". Si lazima. Menyu ya pesa unayoifungua bila bando haipiti kwenye waya wa baharini kama mitambo iko ndani ya nchi. M-Pesa kwa mfano ilianza mwaka 2007 na seva zake zilikuwa Ujerumani kwa miaka, zikahamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa hivyo programu ya simu inaweza kugoma kwa sababu ya intaneti, huku menyu ya kawaida ikifanya kazi vizuri. Programu ikikataa, jaribu menyu kwanza kabla hujakata tamaa.

Mlinzi naye lazima ajue tofauti hiyo. Kama anaangalia intaneti tu, atapiga kelele bure. Kama anaangalia menyu tu, hatajua programu imekwama.

Njia tano za kumchunga mlinzi

1. Kengele isiyonyamaza

Fikiria tajiri wa godauni amekubaliana na bawabu wake: kila saa, hata kama kila kitu ni shwari, piga kengele mara moja. Tajiri akiwa kitandani anasikia ngo! na anageukia upande wa pili. Siku kengele isiposikika, ndipo anaamka. Bawabu amelala, ama amepatwa na jambo.

Mafundi wanafanya vivyo hivyo. Wanaweka arifa moja ambayo inalia daima, inatumwa kwenye mtambo mwingine ulio mbali. Kazi ya mtambo huo wa pili ni kungoja mlio. Mlio ukikosa kwa dakika kadhaa, unapiga simu. Hapa kimya chenyewe kimegeuzwa kuwa king'ora.

2. Mlinzi wa pili, nyumba nyingine

Huyu awe na umeme wake, mtandao wake, na njia yake ya kutuma ujumbe. Haina haja awe mkubwa. Anaweza kuuliza swali moja tu kila dakika: "Mlinzi mkubwa, upo?" Muhimu ni kwamba kitakachomuua wa kwanza kisimuue wa pili. Fundi wa zamu naye awe na laini za mitandao miwili tofauti. Mtandao mmoja ukizima, arifa itampata kupitia wa pili.

3. Muamala wa majaribio

Badala ya kusubiri vipimo kutoka ndani, simu halisi inawekwa mahali, inatuma kiasi kidogo kwenye akaunti ya majaribio kila baada ya muda na kuhesabu sekunde mpaka SMS ifike. Hii ndiyo fimbo yetu ya tangi. Dashibodi ikisema "shwari" na simu ya majaribio haijapata SMS kwa dakika 10, tunaiamini simu, maana inapita njia ile ile unayopita wewe.

4. Saa kando ya kila namba

Kila kipimo kwenye dashibodi kinafaa kionyeshe kimepatikana lini. "Makosa 0, sekunde 15 zilizopita" ni habari. "Makosa 0, dakika 47 zilizopita" ni geji iliyokwama. Na pasipo na data, skrini iandike "hakuna data" kwa rangi yake, isijaze sufuri.

Hapo hapo mafundi huangalia afya ya mwili wa mlinzi: diski yake imebakisha nafasi gani, vipimo vingapi vinaingia kwa dakika, na vingapi vimetupwa kwa sababu amezidiwa. Diski ikijaa, mlinzi husahau, na hatakuambia kwamba amesahau.

5. Mazoezi na kalenda

King'ora ambacho hakijawahi kujaribiwa ni pambo la ukutani. Mara kwa mara mafundi husababisha hitilafu ndogo kwa makusudi, mahali salama, kuona kama arifa itafika, itafika kwa nani, na itachukua dakika ngapi.

Mlinzi pia afundishwe mwaka wa watu anaowalinda. Tuseme wakati wa Ramadhani malipo yanapungua pale watu wanapokaa kufuturu, kisha yanapanda tena baada ya tarawehe. Mlinzi asiyejua hilo atapiga kelele kila magharibi kwamba "maombi yameshuka!" Baada ya siku tatu fundi atamzima kwa hasira. Siku ya nne mitambo ikianguka kweli saa hiyo hiyo, hakuna atakayesikia. Dawa ni kulinganisha na siku inayofanana: jana saa hii, ama Ijumaa iliyopita saa hii.

Simu yako nayo ni dashibodi

Sasa tuyalete nyumbani. Wewe mteja una mlinzi mfukoni. SMS ni arifa zako, na menyu ya salio ni fimbo yako ya kupimia. Kanuni ni zile zile.

SMS si salio. Mwenye duka, mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, ama ukapata SMS kutoka namba usiyoijua ikisema umelipwa, hiyo ni geji tu, na geji huchezewa. Kabla hujatoa mzigo, fungua menyu uangalie salio lako ama orodha ya miamala. Ni sekunde chache. Matapeli wa SMS ghushi wanaishi kwa watu wanaoona haya kukagua mbele ya mteja. Usione haya. Mwambie kwa adabu, "Ngoja kidogo tajiri, nithibitishe."

Ukikosa SMS, usitume tena papo hapo. Muamala unaweza kuwa umepita na ujumbe ndio umechelewa. Angalia salio kwanza. Likiwa limepungua, pesa imeondoka, usirudie. Likiwa bado, ngoja dakika chache, angalia tena, ndipo uamue. Watu wengi waliolipa mara mbili hawakuibiwa na mtu, waliharakishwa na kimya.

Kimya kirefu kina maana. Hili shika sana. Kama laini yako ghafla imepoteza mtandao, umezima na kuwasha simu haijarudi, na jirani yako wa mtandao huo huo anapiga simu kama kawaida, usiseme "nitaangalia kesho". Inawezekana simu imeharibika tu. Lakini pia inawezekana mtu amesajili laini yako kwenye kadi nyingine, na SMS zako sasa zinaingia kwake. Tapeli anafanya hivyo ili usisikie king'ora wakati anakomba akaunti. Azima simu ya mtu, piga huduma kwa wateja wa kampuni ya laini yako, omba laini na akaunti ya pesa zifungwe mara moja. Halafu nenda dukani kwao na kitambulisho. Piga pia benki yako kama imeunganishwa na namba hiyo.

Weka mlinzi wa pili. Andika namba ya huduma kwa wateja kwenye karatasi, ama mwachie mtu wa nyumbani. Ukiiweka ndani ya simu peke yake, siku simu ikipotea namba imepotea nayo. Umeona ni kosa lile lile la Rogers?

Kagua hata kama hujasikia kitu. Chagua siku moja ya wiki, labda Jumapili usiku, upitie miamala yako yote. Makato madogo usiyoyatambua hayapigi kelele.

Jipime

Swali la 1. Mwenye duka la vipuri Shimanzi hajapata SMS hata moja ya malipo tangu asubuhi, na wateja watano wamesema wamelipa. Anasema, "Hakuna tatizo, sijaona ujumbe wa makosa." Amekosea wapi?

Jibu: Amechukua kimya kuwa ni afya. Angelinganisha na siku nyingine: kawaida asubuhi hupata SMS ngapi? Halafu angefungua menyu kuangalia miamala.

Swali la 2. Kampuni imeweka dashibodi, king'ora na kumbukumbu zote kwenye seva moja na mitambo ya malipo. Ni hatari gani?

Jibu: Seva ikizima, king'ora kimezima nayo. Malipo yatasimama na hakuna fundi atakayeamshwa.

Swali la 3. Kwa nini kuna arifa inayolia muda wote bila tatizo lolote?

Jibu: Ili siku ikinyamaza, kimya hicho kiwe ndiyo habari.

Kabla hujafunga ukurasa huu, fanya mambo mawili ya dakika mbili. Fungua menyu uangalie miamala yako mitatu ya mwisho. Kisha chukua karatasi, andika namba ya huduma kwa wateja ya laini yako, uibandike mahali ambapo mtu wa nyumbani ataiona. Hapo utakuwa umemwekea mlinzi wako mlinzi.